Nusu ya Ushahidi wa Kazija

Siku hizi kijiji cha Vitongoji, Pemba, huamshwa na adhana na jogoo, kisha kimya. Zamani palikuwa na sauti ya tatu. Jua likichomoza tu, Mjaka alikuwa ameshashuka shimoni kwake, karibu na pwani, akigonga mawe. Nyundo yake ilikwenda polepole, bila haraka na bila kukatika, mpaka adhuhuri. Wanawake walifanya mambo yao kwa kuisikiliza: chai iwe imechemka kabla hajaanza, nguo ziwe kwenye kamba kabla hajapumzika. Hakuna aliyewahi kusema kuwa anaipenda sauti ile. Iliponyamaza, mwaka 1959, hakuna aliyelichukua shimo. Limejaa maji ya mvua.

Mjaka alikuwa na umri wa miaka thelathini na mitano. Hakuwa na mke. Aliishi na dada yake mkubwa, Kazija, mjane, pamoja na binti wa Kazija aitwaye Mwatima. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache yalichekesha. Watu wakimwuliza kwa nini haoi, alijibu, "Jiwe halidai kanga."

Lakini mara mbili au tatu kwa mwaka akili yake ilimtoka. Kwanza usingizi ulimkimbia. Kisha akasikia watu wakimwita kutoka kisimani, watu asiowajua wanaolijua jina lake. Kisha miguu ikataka kukimbia. Alizijua dalili kama mkulima anavyolijua wingu, na kila mara yeye mwenyewe ndiye aliyekuja kusema: "Dada, yanakuja. Nifunge." Kazija alimtia mnyororo mguuni katika chumba cha ndani, akaufunga kwa kufuli kwenye nguzo, akamlisha uji kwa mkono wake siku nane, siku kumi, mpaka yapite. Yakishapita, Mjaka alirudi kwenye mawe yake.

Kijijini hawakujua. Kuwaficha kulimchosha Kazija kuliko ugonjwa wenyewe, maana kwetu wazimu wa mtu mmoja huwa wa ukoo mzima. Mwenye kuposa haulizi binti anapika vipi; huuliza kwao kuna nini. Na Mwatima alikuwa ameshaposwa na watu wa Jadida, Wete, watu wazuri, na washenga walikuwa wakisubiriwa kuja kupanga siku. Basi kila mnyororo ulipotoka sandukuni, Kazija alikuwa na neno moja kwa majirani: "Mjaka kaenda Madungu, kwa mamdogo." Alilisema kwa miaka kumi na mbili. Lilikuwa limeshalainika mdomoni mwake.

Ijumaa moja ya msimu wa karafuu, watu wakiwa msikitini, banda la Zahran liliungua. Zahran alikuwa mzee wa asili ya Kimanga, yaani Mwarabu wa Oman, na shamba lake lilikuwa kando ya njia iendayo Chake Chake. Magunia ya karafuu kavu yaliwaka kwa mafuta yake yenyewe. Harufu ilikaa kijijini siku tatu, ikaingia kwenye maji ya kunywa na kwenye nywele za watoto. Zilikuwa zama za siasa. Ndugu walikuwa hawazikani. Kila mmoja alimshuku jirani yake.

Siku ile Mjaka alikuwa na siku ya saba kwenye mnyororo. Aliisikia harufu akauliza kama wamekuja kumchoma.

Jumapili yakapita, Kazija akamfungua. Jumatano, baada ya sala ya alasiri, ikasomwa halbadiri. Huko ni kuwataja watu wa Badri na kumwomba Mungu amfichue mwovu. Atakayeshikwa baada ya kisomo, akavimba, akafa au akaingia wazimu, ndiye. Mjaka alikaa safu ya mwisho, amekonda, bado mikono inamtetemeka, akaitikia amina pamoja na wenziwe.

Asubuhi yake nyundo iligonga mara chache, ikanyamaza. Mjaka alikwenda moja kwa moja hadi kwa Zahran, aliyekuwa akiwasimamia watu wakichambua majivu.

"Ami Zahran, ndiye mie."

"Ndiye weye nini?"

"Niliyechoma."

"Nenda kanywe maji, Mjaka. Mie na weye hatuna ugomvi."

"Imesomwa, ami. Imenishika. Tazama mikono."

Zahran akaitazama ile mikono. Nyuma yake wafanyakazi walikuwa wameshaanza kupiga takbiri.

Kituoni alipokelewa na Koplo Nassor, mtu wa Unguja aliyechoshwa na Pemba na aliyependa mzaha.

"Na ng'ombe wa sheha aliyekufa mwaka juzi?"

"Na yule mie."

"Enhe! Na mvua iliyokosa kunyesha?"

Mjaka alifikiri sana. "Hiyo sina hakika, afande. Iandike tu."

Askari walicheka mpaka wakashika meza. Lakini walipomaliza kucheka, waliandika lile la kwanza, wakamtia kidole kwenye wino.

Jioni ile sheha wa kijiji, Mzee Ame, alikuja kwa Kazija na kusimama barazani.

"Kazija, mwanangu, Ijumaa Mjaka hakuonekana msikitini. Alikuwa wapi?"

Ndani, Mwatima alikuwa akipepeta mchele. Ungo ukasimama.

"Kaenda Madungu," alisema Kazija, "kwa mamdogo."

Mdomo ulitangulia, moyo ukafuata umechelewa. Njia ya Madungu inapita mbele ya banda la Zahran, na mamdogo alipoulizwa alisema hajamwona Mjaka tangu mfungo sita, mwezi wa Maulidi. Mzee Ame hakuwa mtu mbaya. Alipeleka alichoambiwa, kikaandikwa.

Miezi mitatu ilipita kabla jaji hajavuka kutoka Unguja kuja kusikiliza kesi. Miezi hiyo Kazija alikuwa akipeleka chakula gerezani na kurudi nacho. Hofu ilikuwa imeyarudisha yale ya Mjaka, safari hii mbele ya watu, na kijiji kizima kilikuwa na jibu. "Unaona?" walisema kisimani. "Halbadiri haikosei." Kazija alikuwa na jambo moja tu la kuwaambia, kwamba maradhi yale ni ya zamani, na jambo hilo lilikuwa na bei: Mwatima. Akilisema, nduguye huenda akapelekwa kutibiwa, akarudi nyumbani. Asiposema, atafungwa pamoja na wezi, na huko nani atamfunga kwa upole?

Siku ya kesi aliufungia mnyororo ndani ya kanga, akautia kikapuni, akaenda Chake Chake kwa miguu.

Alisimama mbele ya jaji akasema yote. Kisima, uji, nguzo, miaka kumi na mbili. Akasema Ijumaa ile nduguye alikuwa amefungwa tangu Jumamosi ya kabla yake, na ufunguo ulikuwa shingoni mwake yeye. Akautoa mnyororo, akauweka mezani. Mwendesha mashitaka hakumkaripia. Alimsemesha kwa adabu.

"Bi Kazija, ulimwambia sheha kuwa alikwenda Madungu."

"Ndiyo, bwana."

"Ulikuwa uongo?"

"Ulikuwa sitara."

"Na leo?"

"Leo kweli."

"Jana uongo wa kumsitiri, leo kweli ya kumwokoa. Na huu mnyororo wako, bibi, hausemi ulifunga siku gani."

Daktari akathibitisha kuwa mtu huyu ni mgonjwa, na ni mgonjwa wa muda mrefu. Kisha Mjaka akaulizwa kama ana la kusema. Alisimama akamtazama dada yake kwa huruma kubwa.

"Msimkasirikie dada," alisema. "Ananipenda. Nimechoma mie."

Jaji alichukua nusu ya maneno ya Kazija. Wazimu aliuamini, mnyororo hakuuamini. Akaamua kuwa mshitakiwa ametenda kosa, ila alipolitenda hakuwa na akili zake. Asifungwe. Awekwe hospitali ya wagonjwa wa akili, Unguja, mpaka Balozi wa Kiingereza, mwenye kutawala nchi wakati ule, atakapoamuru vyengine.

Kazija alilia kwa furaha. Aliwashukuru hata askari. Koplo Nassor ndiye aliyemweleza nje, chini ya ukuta wa mahakama, na safari hii hakufanya mzaha.

"Mama, hujafahamu. Mwenye miaka mitatu hufungwa mitatu, akatoka. Huyu hakupewa miaka."

Siku ileile mtu mwengine, mwenye akili zake timamu, alihukumiwa miaka mitatu kwa kuichoma nyumba ya jirani yake. Amesharudi. Ameoa.

Washenga wa Jadida hawakuja. Walileta salamu tu, kwamba mambo yana wakati wake. Mwatima alimwambia mama yake neno moja, "Umenivua nguo sokoni, mama, na yeye hukumvika," kisha akahamia Madungu kwa yule mamdogo.

Kila mwaka Kazija hupanda meli kwenda Unguja. Mara ya kwanza hakumtambua nduguye. Sindano zilikuwa zimemnenepesha, viganja vimekuwa laini kama vya karani. Alizungumza vizuri. Aliuliza habari za Mwatima, akauliza kama Ami Zahran amejenga banda jengine. Mara ya pili aliuliza hayohayo. Mara ya tatu daktari alimkaribisha Kazija kiti.

"Ndugu yako ametulia, mwaka mzima sasa. Ningekuwa na uwezo, ungeondoka naye leo."

"Nani mwenye uwezo, bwana daktari?"

"Kutibu ni kwangu. Kumtoa kunataka amri ya Balozi."

Daktari aliandika barua. Mzee Ame naye aliandika, akatia muhuri wake. Zahran, ambaye hakuna aliyemwomba, aliandika kwa mkono wake kwamba hana dai lolote juu ya mtu huyu na wala hajapata kuamini kuwa ndiye. Barua zilikwenda. Jibu lilikuwa kwamba zimepokewa.

Disemba ya mwaka 1963 nchi ilipata uhuru, na Balozi akaondoka. Kazija alikwenda Unguja baada ya sherehe, karatasi za rangi zikiwa bado zinaning'inia njiani. Karani kijana alilitafuta faili, akalipata, akalisoma mpaka mwisho.

"Hapa pameandikwa mpaka Balozi aamuru," alisema.

"Balozi keshakwenda kwao, mwanangu."

"Ndiyo, bibi. Ndiyo maana."

Hakusema ni maana ya nini. Alilifunga faili akamwambia arudi utaratibu mpya utakapotoka.

Mjaka yuko Unguja, katika wodi ya wanaume iliyo nyuma, kitanda cha tatu kutoka mlangoni.