Uso wa Saluni

Kwenye ploti yetu ya ghorofa pale Gatina, Kawangware, makaa huwashwa chini, kando ya geti. Unakaa na jiko lako nje mpaka moshi uishe na makaa yawe mekundu, ndipo unalipandisha ngazi bila kumsumbua mtu. Sheria hiyo haijaandikwa popote na kila mpangaji anaijua. Jirani yangu wa mlango unaotazamana na wetu, mama anayechemsha maharagwe ya kuuza, aliijua pia. Lakini alikuwa na tabia ya kuliwashia jiko lake hapo hapo koridoni, kwa kipande cha soli ya kiatu, na ule moshi mweusi ulipita chini ya mlango wangu kama mgeni aliyealikwa.

Binti yangu ana miaka sita, na ana pumu.

Nesi wa kliniki alinifundisha kumpa dawa. Chupa ya plastiki ya soda inatobolewa kitako, inhela, kile kikopo cha dawa ya kupuliza, inachomekwa hapo, na mtoto anaweka midomo kwenye mdomo wa chupa na kuvuta hewa taratibu. Kisha akanifundisha jambo la pili, ambalo sikulipenda. "Mama, tuliza uso," aliniambia. "Mtoto akiona umeshtuka, naye anashtuka, na akishtuka kifua kinabana zaidi. Moshi wa watu huwezi kuuamuru. Uso ni wako."

Kumwambia mtu wa Soweto West atulize uso! Nimezaliwa huko huko Soweto, ndani ya Kibera, katika nyumba za mabati ambako ukikohoa jirani anakupa pole bila kutoka kitandani. Kule mnyonge hana haki. Mama yangu alilinda mlango wetu kwa mdomo wake. Mtu akimwaga maji machafu mbele yetu, majirani wote walijua kabla maji hayajakauka. Nikaurithi ulimi huo mzima mzima, nikahama nao mpaka Kawangware. Sijawahi kuuonea haya.

Hata hivyo nilijaribu. Kila moshi ulipoingia nilijiuliza kipi hapa ni changu na kipi si changu. Moshi haukuwa wangu. Kutandaza kitambaa chenye maji chini ya mlango, hilo lilikuwa langu. Siku moja nikikamua kitambaa hicho nikagundua kitu kilichoniudhi sana: moshi ulikuwa ukiingia peke yake, na dharau nilikuwa nikiiongeza mimi. Yule mama hakuwahi kusema ananidharau. Nilikuwa nimemtungia maneno, nikawa nayajibu. Nilielewa hilo vizuri kabisa, na Jumamosi ile halikunisaidia hata kidogo.

Mimi ni msusi, na Jumamosi ndiyo siku yetu ya wateja, lakini mvua ilinyesha tangu asubuhi na saluni ikabaki tupu, nikarudi nyumbani mapema. Binti yangu, ambaye siku kama hiyo hukaa na dadangu, alikuwa kitandani amejifunika leso, anamsuka mwanasesere wake. Dadangu aliaga, akaenda zake. Hata viatu sikuwa nimevua nikasikia harufu ya soli.

"Kifua?" nikamuuliza mtoto.

"Niko sawa, mum," akasema. Hakuinua kichwa.

Nilifungua mlango. Jirani alikuwa amechutama mbele ya jiko, anapepea kwa kifuniko cha ndoo, na moshi ulikuwa umejaa koridoni mpaka juu. Nikapandwa na mori.

"Wewe mama, si uliambiwa jiko inawashwa chini kwa geti?"

"Na hii mvua? Nitawashia wapi, kwa kichwa yako?"

"Washia kwa nyumba yako! Ama huko hutaki moshi? Unataka mtoto wangu ndio ameze?"

Milango ilifunguka. Watu wakatoka kutazama, na nikiona watu ulimi wangu hupata nguvu. Nilimpa vidonge vyake. Nilimtajia moshi wa leo na wa wiki jana, maji ya maharagwe aliyomwaga ngazini, na jinsi anavyopita bila kunisalimia. Nasema kweli, nilikuwa nafurahia. Maneno yalikuwa yanakuja yamejipanga, na nilikuwa bado na mengine akilini yaliyo bora kuliko hayo.

Yeye akaacha kupepea. Akawa hanitazami mimi, anatazama nyuma yangu.

"Mama," akasema polepole. "Mtoi."

Nikageuka. Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni, ameshika chupa mkononi. Alikuwa ameichomeka inhela mwenyewe, kombo. Midomo yake ilikuwa ya rangi ya jivu. Kila alipovuta hewa, ngozi ya shingo ilizama, na sauti iliyotoka ilikuwa nyembamba kama ya filimbi iliyoziba.

Nilimnyakua nikampeleka ndani, nikaketi na kumpakata wima. Nikaichomoa inhela niitikise, ikaniponyoka, ikabingirika chini ya kitanda. Nikaipapasa huku nalia kwa sauti, namwita Mungu, namlaani jirani. Nilipoinuka nayo nikakutana na macho ya mwanangu. Hakuwa anaangalia dawa. Alikuwa anauangalia uso wangu, na macho yake yalikuwa yakizidi kupanuka kadiri alivyoniangalia. Nikaona kifua kikikaza zaidi mbele yangu, kwa sababu yangu.

Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani. Moshi si wangu, nikajiambia. Mvua si yangu. Hata pumzi yake si yangu, siwezi kuivuta kwa niaba yake. Nilichobaki nacho ni uso.

Wasusi tuna uso wetu. Ukifika kwenye nywele za mbele, zile laini za kando ya paji, mteja hutokwa na machozi. Ukikunja uso ataruka kitini akitaka ufumue zote. Kwa hiyo unasuka huku unapiga hadithi, uso umelainika, hata kama vidole vinakuuma. Nikauvaa uso huo.

"Kuna mteja wangu mmoja," nikasema, nikiirudisha inhela kwenye chupa na kuibonyeza, "alilala nikimsuka. Vuta, mama, polepole. Akaanza kukoroma. Vuta tena. Akakoroma mpaka kinyozi wa mlango wa pili akaja kuuliza ni pikipiki ya nani."

Sauti yangu ilitoka laini, sijui ilitoka wapi. Nikaitikisa inhela, nikabonyeza tena, nikaendelea na mteja na mkoromo wake. Kupitia mlango ulioachwa wazi nilimwona jirani akilizungushia jiko leso yake, akaliinua likiwaka na kushuka nalo ngazi. Nikasikia makaa yakilia yakizimwa na mvua.

Taratibu shingo ikaacha kuzama. Rangi ikarudi midomoni. Jirani alirudi amelowa mpaka nywele, viganja vilivyoungua amevifumbata, akasimama mlangoni bila kuingia. "Boda iko chini," akasema. "Mpeleke kliniki." Nikaitikia kwa kichwa. Yale maneno mazuri niliyokuwa nimeyaweka akiba sikuyaona tena.

Nikawa namvalisha sweta mtoto. Kwa sauti ya kukwaruza akasema, "Mum, kifua ilianza asubuhi."

"Asubuhi? Na mbona hukuniambia, wala auntie hukumwambia?"

"Angekuambia."

"Na mimi nikiambiwa?"

Akashughulika na kifungo cha sweta. "Ungeenda kugombana."

Sasa jirani huwashia jiko chini, na mvua ikinyesha hunigongea kwanza ili nifunge mlango na kutandaza kitambaa. Tunasalimiana. Ulimi wangu ninao bado, na saluni wanaujua. Lakini nikimuuliza binti yangu, "Kifua?" hajibu papo hapo. Kwanza ananitazama usoni, anautafuta mori wangu, ndipo anaamua la kuniambia.