Mkazo wa "kind-hearted"

Baada ya uhuru, katika shule yetu ya Uvira, mimi ndiye niliyeongoza kwa Kiingereza, mpaka alipokuja msichana aliyelelewa Kigoma. Siku moja mwalimu aliandika ubaoni "kind-hearted", yaani mwenye moyo mwema, akaniita nigawe silabi zake. Nilipata vipande vitatu, kind-heart-ed, lakini mkazo nikauweka mwishoni, kama tulivyozoea kwa Kifaransa. Msichana akaitwa. Aliuhamishia katikati, akalisoma neno taratibu, na mwalimu akatuambia, "Msikilizeni huyu."

Nilimwonea wivu. Wakati wa mapumziko msichana alinifuata.

"Nikufundishe?"

"Miye sina haja na Kiingereza chako," nilimjibu. "Weye rudi Kigoma."

Akaenda zake.

Waasi walipoingia mjini shule ilifungwa, na familia yake ikapanda mashua pale bandari ya Kalundu, ikavuka ziwa. Masomo yalipoanza tena, niliongoza darasa. Mwalimu alinisifu, kisha akauliza kama kuna anayejua yule msichana yuko wapi. Sikumwambia kuhusu ile mashua, nikimwonea wivu hata kwa swali lile.