Ngumi za Kwenye Simu

Nasambu alikuwa msusi wa nywele mtaani Kianda, upande wa kwenda kituo cha Olympic, na kati ya mteja na mteja alipigana ndondi kwenye simu. Alikuwa katika kikundi cha WhatsApp cha watu wasiojuana kwa sura. Kila mmoja alikuwa na bondia wake wa kubuni, na wawili wakipangiwa pambano waliandika kwa zamu: wewe unarusha ngumi, mwenzako anaeleza imempata wapi na imemfanya nini. Sheria ilikuwa moja, usidanganye mwili. Ukipigwa ya ini, huinuki sentensi inayofuata ukicheka.

Nasambu aliishika sheria hiyo kuliko wote, maana aliwahi kupigana kweli, katika ukumbi mdogo wa Kambi Muru, mpaka siku msichana mwenzake alipoanguka mazoezini akapelekwa hospitali na asirudi. Tangu hapo glavu hakuzigusa tena.

Jumamosi moja mpinzani wake alikuwa Kitheka, seremala wa Kawangware, kituo cha 46, na bondia wake aliitwa Mwamba. Mteja wa Nasambu, Risper, alikuwa kitini, kichwa nusu kimesukwa. Nasambu aliandika ngumi ya kulia juu ya sikio. Jibu lilikawia, kisha likaja:

“Mwamba anaona marefa wawili. Mkono wa kushoto umekufa ganzi. Anataka kutapika tena.”

Tena? Mwamba hakuwa ametapika popote.

“Mbona umeacha?” Risper akauliza. “Si umalize.”

Likaingia jingine, herufi zimerukwa: “Kichwa knapasuka tngu jana.”

Pambano lilikuwa limeanza asubuhi hiyo hiyo. Nasambu akaandika nje ya mchezo: “Kitheka, huyu ni Mwamba ama ni wewe?” Hakungoja jibu. Akapiga simu. Sauti iliyopokea ilikuwa nzito, kama ulimi umevimba.

“Jana... mazoezi ya ndondi... nilipigwa ya kichwa... niko sawa. Wacha nilale kidogo.”

“Usilale! Uko na nani hapo?”

Ikakatika. Alipopiga tena, iliita tu.

“Risper, nisamehe. Kuna mtu anakufa.”

“Nani?”

“Simjui!”

Kitheka aliwahi kulalamika kikundini kwamba chumba chake kiko nyuma ya posho mill, mashine ya kusaga unga, na kelele zinamharibia usingizi. Ni hilo tu Nasambu alilokuwa nalo alipopanda boda boda kwenda Kawangware. Njia nzima aliogopa kwamba atamkuta maiti, tena aliogopa kwamba atamkuta akimcheka, na akamwomba Mungu iwe kicheko.

Nyuma ya posho mill alimkuta mwanamke akianika nguo. Alikuwa Ngina, dada yake Kitheka.

“Amelala,” Ngina alisema. “Kichwa kilikuwa kinamsumbua, nimempea dawa. Wewe ni nani?”

“Tunaandikianga. Mwamshe.”

“Si umwache apumzike?”

“Mwamshe saa hii!”

Majirani waligeuka. Ngina akaingia, akaita, akatikisa, akaita tena kwa sauti iliyopasuka. Nasambu akapiga magoti, akamfunua Kitheka kope. Mboni moja ilikuwa ndogo, ya pili imetanuka kama ya paka gizani. Akamshika mabegani kumwinua, na jirani yao Shivachi akaleta gari.

Hospitalini wanawake hao wawili walishikana mikono bila kujuana vizuri, kila mlango ukifunguka wakishtuka. Daktari alisema damu ilikuwa imevuja ndani ya fuvu, ikiukandamiza ubongo. Madaktari wakampasua kichwa.

Kitheka alinusurika. Mkono wa kushoto unarudi polepole, randa bado inamshinda, na ulingo amekatazwa maisha. Siku alipoweza kuongea, alimtazama Nasambu.

“Kumbe ni wewe. Nilidhani wewe ni mwanaume.”

“Kwa nini hukumwambia dadako kwamba ulipigwa?”

Kitheka akageuza uso ukutani. “Niliogopa. Ukijisema mwenyewe, inakuwa kweli. Kumsema Mwamba ilikuwa rahisi.”



Nasambu bado anaandika. Lakini mpinzani akikawia kujibu, hawezi kusuka hata mstari mmoja mpaka apige simu. Wengine kikundini wanalalamika kwamba anaharibu mchezo. Anawaacha waseme, simu sikioni, akingoja mtu apokee.