Mpaka Uani kwa Bibi

Nilisikia chuma kikigonga chuma kabla sijaona mtu. Ngo. Kimya. Ngo. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye mashina ya mihogo, na mlio ule haukuwa na mahali pake. Mara ulitoka karibu na jiko, mara ng'ambo ya bonde. Nilikuwa nimelala kwa Bibi, mama yake baba, juu ya kilima ambacho mvua ikinyesha, maji mengine hutelemkia upande wa Butiama na mengine upande wa Bunda.

"Nani anagonga?" niliuliza.

"Serikali," Bibi alijibu kutoka kitandani, kama mtu anayemtaja jirani.

Ukungu ulipoinuka wapimaji walikuwa wameshaondoka. Katikati ya ua, kati ya nyumba na jiko, lilisimama jiwe la saruji lenye kichwa cha nondo, jeupe kama jino. Kuku walilipita kwa mbali.

Vijiji viwili vilikuwa vimegombania malisho ya bonde lile mpaka watu wakajeruhiana kwa mishale, na sasa mpaka ulikuwa ukipimwa upya. Wapimaji walikuwa wamemuuliza Bibi mpaka wa zamani ulipita wapi. Aliwaonyesha bila kusita, kwa fahari ya mtu anayepajua kwao. Aliwaonyesha njia ya mzunguko.

Mzunguko ndio unaoifanya nchi kwetu. Kila baada ya miaka mingi, rika linaloshika utawala huitembea ardhi yote pembezoni, alfajiri, bila kusema neno, bila kugeuka nyuma. Kabla hawajapita, kila mji huzima moto wake. Wakishalifunga duara, moto mpya hugawiwa mlango kwa mlango. Aliyekutwa ndani ni wa ndani. Aliyekutwa nje ni wa nje, mpaka mzunguko mwingine, na kwa umri wa Bibi, baada ya ule uliokuwa ukikaribia hakukuwa na mzunguko mwingine.

Aliyowaambia wapimaji yalikuwa kweli tupu. Njia ilipita pale uani. Ila Babu alipojenga nyumba yake ng'ambo ya njia, watembeaji walianza kuikunja safari yao wakifika hapo. Waliizunguka nyumba kwa nyuma, wakaiacha ndani, kisha wakarudi kwenye mstari. Hilo Bibi hakulisema. Hakuona haja ya kulisema. Kwake mpaka ulikuwa kitu chenye adabu, kinachompisha mwenye nyumba.

Siku zile nilikuwa nafundisha jiografia katika sekondari moja ya Musoma. Niliandika ubaoni kwamba dola ni watu, ardhi, serikali na kutambuliwa na wengine, na wanafunzi wakaniimbia kwa sauti moja. Sikuwahi kujiuliza mtu mmoja akikosa hicho cha mwisho anabaki na nini.

Mzunguko ulipotangazwa nilipanda tena kilimani, na dagaa wa soko la Mwigobero kwenye mfuko. Baba mdogo, kitinda mimba wa Bibi, ndiye angetangulia mbele ya watembeaji. Alikuja mchana, akakaa kwenye kigoda bila kuvua koti.

"Mama, kesho tunafuata bikoni."

"Mnafuata nini?"

"Hilo jiwe. Tumekubaliana na wenzetu wa upande wa pili. Tukivuka hata kidogo watasema tumewavamia, na mishale itarudi."

"Mimi nimevamiwa na saruji. Mbona hamjanichukulia mishale?"

Baba mdogo alicheka, lakini hakumtazama. "Jiko lako liko ndani, Mama. Kesho tukipita uwe jikoni, basi. Moto utakufikia."

"Na baba yako?"

Kaburi la Babu liko nyuma ya nyumba, hatua chache kutoka dirisha la chumba cha kulala. Baba mdogo aliikunja kofia yake, akaikunjua.

"Baba alishafariki."

"Ndiyo maana hawezi kuhamia jikoni."

Alinyanyuka bila kugusa uji aliowekewa. Mlangoni alisema, kwa sauti ndogo, "Nikifika hapo uani sitageuza shingo, Mama. Unajua siruhusiwi. Usiniite."

Jioni Bibi alimwagia maji mafiga yake. Majivu yalifuka mara moja, yakalala. Nilitoka nje nikaona kilima kizima hakina moshi. Hakuna taa, hakuna redio, hakuna mtu anayemwita mtoto. Ng'ombe walisimama zizini wakiwa wameelekea upande mmoja, kama vile kuna mtu mbele yao anayezungumza. Nilirudi ndani upesi kuliko nilivyotaka.

Mabibi wa kwetu huwaita wajukuu wa kiume waume zao, na mimi, kwa kuwa nimerithi jina la Babu, niliitwa hivyo tangu nikiwa mgongoni. Ulikuwa utani tu. Asubuhi ile, kabla hakujapambazuka, nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, amevaa, ameuelekea mlango.

"Mume wangu," alisema, "huko shuleni mnafundishaga nini, mtu akiwa na nyumba nchi moja na jiko nchi nyingine?"

"Tunasema mpaka umekosewa."

"Nani anasahihisha?"

"Nchi zote mbili zikikubaliana."

"Si wameshakubaliana?"

Tulikaa. Mwanga ulianza kuingia chini ya mlango, wa kijivu, bila joto, na pamoja nao ukaja mvumo niliodhani ni mvua inayopanda kilima. Haikuwa mvua. Ilikuwa miguu mitupu, mingi, inayokanyaga kwa pamoja, bila kikohozi hata kimoja kati yake. Mbwa hawakubweka.

"Wa mbele ni mwanangu," Bibi alisema. "Anakanyagaga kama baba yake."

Aliinuka. Aliukunja mkeka wake, akachukua khanga mbili na sufuria ndogo. Akaenda dirishani, akaweka kiganja ukutani, upande wa kaburi, akakiacha hapo kwa muda kama anayepima homa ya mtoto. Nyuma ya ukuta udongo ulijisogeza kidogo. Najua udongo hujisogeza alfajiri, umande unapouingia. Lakini ulijisogeza kama kitanda kinavyolia mtu akigeuka.

"Amesikia," alisema.

Nilichukua mkeka mkononi mwake. "Twende, Bibi. Wamefika kwenye mihogo."

Alininyang'anya mkeka. Hakukasirika, alifanya taratibu, kama anavyofanya mtu anayechukua kilicho chake.

"Wewe unaenda wapi?"

"Jikoni. Na wewe."

"Sisi wote twende, yeye abaki na nani?" Alinishika kifuani, akanisukuma nyuma kidogo, mpaka miguu yangu ikagusa kitanda. "Jina lake ulilipokea. Pokea na nyumba. Mimi nina baridi, mume wangu. Nataka moto."

Nilicheka, nikisubiri naye acheke. Hakucheka. Miguu ilikuwa imeingia uani. Niliihisi kwenye sakafu. Bibi aliinama chini ya kizingiti na sufuria yake, akatoka, akaufunga mlango nyuma yake.