Hamira na Mkate Uliopigwa Marufuku

Mwoka mikate wa mtaa wetu tunamwita Hamira, kwa kuwa hasira zake huumuka taratibu, lakini zikishaumuka hazitoshi chomboni. Ana binti mdogo mwenye usonji, mwenye maneno machache na vyakula vichache zaidi: mkate wa baba yake, maziwa, ndizi. Basi.

Siku moja dada yake Hamira, aliyetazama video kadhaa kwenye simu na kuhitimu udaktari papo hapo, aliingia na hukumu.

"Kaka, ngano na maziwa ndivyo vinavyomharibu mtoto. Unamlisha sumu kwa mikono yako."

Hamira akatii kupita kiasi: mkate na maziwa vikapigwa marufuku. Akawa anaoga kwenye bomba nyuma ya tanuri na kubadili nguo, asije akaingiza nyumbani hata vumbi la unga. Mtoto aliyezoea kulinusa shati lake akamkwepa kama fundi bomba asiyemjua. Mkate wa muhogo aliookewa aliuweka sakafuni, akaukalia. Ndugu walicheka. Mama wa mtoto hakucheka. Magauni yalikuwa yameanza kumpwaya binti.

"Baba watoto, tunamponya au tunamkausha?"

Wakaenda kliniki. Baada ya vipimo, mtaalamu wa lishe aliwaambia taratibu, "Wapo watoto wanaodhuriwa na ngano au maziwa. Kwa huyu sijaona dalili. Usonji hauondolewi na chakula, ila njaa inaondolewa. Mrudishieni mkate na maziwa yake. Kipya kiwekeni kando, bila kumlazimisha wala kumdanganya."

"Na dada yangu nimwambieje?"

"Mwambie aje mle pamoja."

Jioni hiyo Hamira alirudi na unga wake wote, hadi kwenye nyusi. Binti akazamisha pua shatini, akatulia, kisha akala mkate mpaka mama yake akajifanya anatafuta chumvi ili afute macho.

Shangazi alikuja kula nao bila video hata moja, jambo ambalo ukoo mzima ulilipokea kwa shukrani. Mara mtoto akanyoosha mkono kwenye sahani ya shangazi, akachukua harage moja. Akalitazama, akalilamba, akalirudisha palepale.

"Wifi," mama alinong'ona, "leo kalamba. Hajawahi."

Shangazi akaliokota lile harage lililolambwa, akalila.

"Asante, mama," akamwambia mtoto, na kumsogezea sahani karibu.