Siku Nilipopungia Boti ya Injini

Siku ninayoikumbuka kuliko hata siku ya ndoa yangu, mwanangu, ni ile niliyoiona injini ya boti kwa mara ya kwanza. Ilikuwa miaka ya ruksa, bidhaa zimeanza kurudi madukani baada ya sisi kuzoea kupanga foleni ya sabuni na kurudi nyumbani bila sabuni. Mimi ni Mbena wa huku juu Njombe, nimekulia kwenye baridi na viazi, lakini ndoa ilinishusha mpaka Ludewa, ukingoni mwa Ziwa Nyasa, kwenye kijiji ambacho barabara haikufika. Ukitaka kwenda popote ni mtumbwi, au upande milima kwa miguu yako. Maji yenyewe nilikuwa nayaogopa, na hadi leo sijui kuogelea.

Mume wangu, Baba Anjela, alikuwa mtu wa mambo mapya. Aliposikia kwamba tajiri mmoja wa Makambako ameleta injini za boti, alikosa usingizi. Yeye na kaka zake wakachanga fedha za kununua moja, akapanda kwenda kuifuata. Baadaye alinisimulia tukacheka: Makambako hakuna ziwa, basi yule tajiri aliifunga injini kwenye pipa la maji uani kwake, akavuta kamba, na maji yakawarukia watu waliojaa kushangaa. Mafundi wa malori waliinama kutafuta mahali pa kumimina oili, wasipaone. Walipoambiwa kwamba oili ya mashine hii inachanganywa humohumo kwenye petroli, mmoja akaapa kuwa haitamaliza mwezi. Mashine yenyewe ilikuja kututumikia miaka mingi.

Sasa siku yenyewe. Anjela, mtoto wangu wa kwanza, alikuwa bado ananyonya. Aliamka na homa, na jua lilipopanda akaanza degedege. Zahanati ilikuwa misheni, upande wa kusini, nusu siku kwa kafi. Wanaume wote wenye nguvu walikuwa wamekwenda kuipokea injini upande wa kaskazini, pale barabara ya Ludewa inapofika ziwani. Nyumbani alibaki baba mkwe wangu, mzee mkimya ambaye mgongo ulishaanza kumsumbua.

Nikiwa nahangaika kumpoza mtoto kwa maji, nikasikia mngurumo. Nilidhani kijiji cha jirani wameleta mashine ya kusaga. Kisha nikaiona boti. Ee mwanangu! Hakuna aliyeshika kafi. Watu wamekaa wamekunja mikono kama wako kanisani, pua ya boti imeinuka, nyuma povu jeupe na moshi wa bluu, na Baba Anjela ameshika mkono wa injini, kofia kichwani. Ilipendeza, sikatai. Katika hofu ile yote moyo wangu uliruka, nikasema Mungu ametuletea usafiri saa yenyewe.

Nikambeba mtoto, nikakimbia ufukweni, nikavua kitenge cha mabegani na kukipunga kwa nguvu zangu zote huku nikiita. Lakini kumbuka, tangu asubuhi kila kijiji walichopita watu walikuwa wanatoka kuwapungia, wanawake wakipiga vigelegele. Baba Anjela aliniona. Akavua kofia akanipungia, wenzake nao wakanipungia, meno yote nje. Wakapita. Walikuwa wanaiwahisha injini misheni, padri aibariki.

Nilibaki nimesimama maji yakinifika magotini, mngurumo ukififia, upepo ukiniletea harufu ya petroli. Sijawahi kumchukia mtu namna ile, na mtu huyo alikuwa mume wangu.

Baba mkwe alikuwa ameona yote. Alisukuma mtumbwi majini, akasema, "Panda, Mama Anjela."

Kwa adabu tulizofundwa, mkwe hakai karibu na baba mkwe, sembuse kupanda naye mtumbwi mmoja. Nikasita. Akaniambia bila kunitazama, "Adabu tutazifuata tukirudi. Panda."

Mzee alipiga kafi. Kila tulipopita penye watu, waliita kutoka nchi kavu, "Mnakwenda wapi na jua lote hili?" Naye anajibu, "Mgonjwa!" Neno hilo lilitosha. Kwenye ufuko mmoja wanaume wawili waliruka kwenye mtumbwi wao, wakatufuata, wakaufunga mtumbwi wetu kamba na kutuvuta. Mbele zaidi, mama nisiyemjua aliingia majini mpaka kiunoni kunipa kibuyu cha uji, maana alinitazama tu akajua sijala. Mtumbwi hauna kelele, kila aliyeita alisikika. Hilo nililiwaza baadaye. Wakati ule nilikuwa nasikiliza pumzi za mtoto wangu tu.

Tulifika Anjela amelegea kabisa. Sista wa zahanati akampokea, akamchoma sindano, akamtundikia dripu, akasema sasa ni kusubiri. Boti ilikuwa pale chini imefungwa, injini imevishwa maua. Baba Anjela alipata habari akaja mbio.

"Mama Anjela, kumbe mtoto anaumwa? Mimi nilidhani unanishangilia!"

Nilitaka kumrarua. Aliyejibu ni baba yake, taratibu, amekaa kwenye benchi na viganja vimechubuka.

"Ulimwona mkeo anapunga nguo?"

"Nilimwona, baba."

"Ulimsikia anasema nini?"

"Ningesikiaje, baba? Injini ile ina kelele."

"Kwani haina pa kuzimia?"

Mume wangu akageuka kuitazama boti kule chini. Kitufe cha kuzimia kilikuwepo, chekundu, jirani kabisa na mkono wake.

"Kupita si kosa," mzee akaendelea. "Kosa lako ni kwamba umeuliza mwenyewe ukajijibu mwenyewe. Umefurahi wewe, ukaamua na mkeo amefurahi."

Baba Anjela alikaa chini sakafuni akalia, mbele ya mkewe na mbele ya baba yake. Padri alikuja mlangoni kuuliza habari za baraka, akatuona, akarudi alikotoka.

Kesho yake Anjela alifumbua macho akatafuta titi. Nililia kuliko nilivyolia siku ya hofu.

Tulirudi nyumbani kwa boti ileile, na sitakudanganya, niliipenda. Upepo usoni, milima inakwenda nyuma, mimi mwoga wa maji nacheka. Lakini kila tulipoona mtu ufukweni anapunga mkono, Baba Anjela alizima injini. Tunasikia maji yakigonga ubavu wa boti, naye anaita, "Kuna nini huko?"

Mara nyingi hakukuwa na kitu. "Tunawasalimu tu!" wanajibu, wanacheka. Basi avute kamba upya, na injini ile ikishapata moto ilikuwa na ukaidi wake, anavuta, anavuta, jasho linamtiririka. Kaka zake wakamtania kwamba amenunua boti ya kusimama. Hakuacha, miaka yote tuliyokaa ziwani, mpaka tukahamia huku Lyamkena, Makambako. Na zipo siku ambazo kulikuwa na kitu.

Juzi nilimwandikia kitindamimba wangu kwenye simu kwamba mguu umeanza kuuma tena, hata sokoni Makambako siendi. Akanijibu kwa picha ya kidole gumba. Hata salamu yetu ya "kamwene" hakuna, dole tu! Nilicheka, halafu sikucheka. Hana ubaya. Huko aliko mambo yake yanakwenda, akadhani na ya huku yanakwenda.

Ndiyo maana nakueleza wewe, mwanangu. Sikukatazi kwenda kasi. Mimi mwenyewe nimeionja kasi na ni tamu. Ila mtu akikupungia, usijijibie. Mama yako akisema "huku hatujambo," subiri kidogo, usikie kama ana neno jingine. Mkeo akinyamaza, usiseme ameridhika. Muulize, na ukimuuliza tulia usikie jibu. Utachelewa, watu watakucheka, itabidi uvute kamba tena na tena. Vuta. Jasho hilo halijamuua mtu, lakini kupita bila kuuliza kulikaribia kuniulia mtoto.

Nakuombea afya, riziki, na Mungu akufikishe salama kila unakokwenda. Na siku ambayo wewe ndiwe uliyesimama majini na mtoto mikononi, apite mtu atakayezima injini.