Tundu Lisilo na Alama

Uvumilivu wangu uliisha mguu wa binti yangu ulipozama hadi gotini katika barafu ya bwawa la mtaa wetu, hapa Brussels, mahali ambapo watoto wameruhusiwa kuteleza. Nilimvuta kwa kofia ya koti. Maji chini yake yalikuwa meusi.

Lilikuwa tundu la wavuvi. Wanatoboa barafu kwa keekee, wanavua, wanaenda zao. Usiku tundu linajifunga kwa utando mwembamba, theluji inalifunika, hulioni tena. Mara mbili nilikuwa nimemwomba mzee anayesimamia kilabu chao, mtu wa Kivu kama mimi, achomeke tawi kwenye kila tundu. Sasa nilimkuta ukingoni mwa bwawa.

"Papa, mutoto wangu ameingia mu tundu yenu!"

"Bon, maman, si ametoka? Kwetu Kivu ulionaga barafu wapi? Utanifundisha mimi?"

Nyuma yake barafu ililia, mlio mrefu. Hakugeuka.

"Tundu zingine ziko wapi?"

Alitazama ile theluji tambarare. Hakujua.

Asubuhi nilipeleka malalamiko komini, ofisi ya manispaa, karani akagonga muhuri. Niliandika: "Kilabu cha wavuvi kimeacha matundu bila alama. Fungeni bwawa leo, kabla ya saa tisa na nusu, watoto watakapotoka shule."